Paka wa miezi minne na nusu hashibi: nimpunguzie au nimwongezee?

Nyayo_Laini

Wakuu, salaam. Paka ni jike, umri miezi 4 na nusu, kilo 1.6 kwenye mizani ya jikoni, bado hajafungwa kizazi. Anakula chakula kikavu cha paka wadogo, kikombe kidogo cha kahawa asubuhi na kingine jioni. Usiku anapewa kisahani cha maziwa ya ng'ombe. Bakuli linakuwa jeupe ndani ya dakika moja, kisha anaanza kulia na kujipitisha miguuni. Saa 10 alfajiri yuko mlangoni analia mpaka apewe kitu. Anadokoa mezani, anafukua pipa la taka, na wiki hii ametapika mara mbili punje nzima nzima muda mfupi baada ya kula. Choo ni laini ila si maji. Dawa ya minyoo alipewa mara moja tu, akiwa na wiki 8.

Nilikuwa nafikiria kumpunguzia ili tumbo lizoee. Naomba mnisaidie: kwa siku anastahili kiasi gani, kwa milo mingapi, na nitatofautishaje njaa ya kweli na mazoea?

Mizani_Kwanza

Usimpunguzie hata punje moja kabla hujajua anakula gramu ngapi sasa. Kikombe cha kahawa si kipimo. Punje za chakula kimoja ni nyepesi, zimejaa hewa, za kingine ni nzito, na mkono wa leo haujazi kikombe kama wa jana. Chukua mizani ile ile, weka bakuli tupu, rudisha namba kwenye sifuri, mimina kikombe chako cha kawaida, usome.

Kisha geuza paketi utafute kilokalori. Chakula kikavu cha paka wanaokua mara nyingi kina kilokalori 380 hadi 420 kwa gramu 100. Cha kopo, kwa kuwa robo tatu yake au zaidi ni maji, huwa na 80 hadi 110. Paketi ikiandika kilojuli, gawanya kwa 4.18.

Hesabu ya mahitaji yake unaifanya kwa kikokotoo cha simu. Zidisha uzito hivi: 1.6 × 1.6 × 1.6 = 4.096. Bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili mfululizo, utapata 1.42. Zidisha kwa 70: karibu 100. Hizo kilokalori 100 ni za mwili uliolala tu, moyo upige na mapafu yapumue. Paka anayekua anataka mara 2 hadi 2.5 ya hapo. Chini ya miezi minne mshike kwenye 2.5, akiukaribia mwezi wa sita shuka polepole kuelekea 2. Wako yuko katikati, anza na 225. Kwa chakula chenye kilokalori 400 kwa gramu 100, hiyo ni gramu 56 kwa siku.

Na milo miwili kwa umri huu ni michache. Paka anayejiwindia anakula mara nyingi, kidogo kidogo, mchana na usiku; panya mmoja mdogo ana kama kilokalori 30 tu. Tumbo lake ndivyo lilivyoumbwa. Ukimkalisha saa 12 bila kitu halafu ukamwekea chakula cha nusu siku kwa mkupuo, atakibugia, na kikibugiwa kinarudi. Gawa gramu 56 mara nne, 14 kila mlo: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Baada ya miezi sita unaweza kushuka hadi mitatu.

Uzito upime mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla hajala. Umri huu aongeze kama gramu 100 kwa wiki, kidogo zaidi au pungufu kulingana na maumbile yake. Mizani ya kusimama watu haifai kwa kazi hii, inaruka gramu 100 kwa 100, kwa hiyo wiki nzima ya ukuaji inaweza isionekane.

Mchunguzi_wa_Mchanga

Mkuu hapo juu amemaliza upande wa chakula. Mimi nakaa kwenye ile sentensi ya "dawa ya minyoo mara moja tu", kwa sababu dozi moja katika wiki 8 ni sawa na kutompa.

Minyoo ya mviringo kitoto anaipata kwenye maziwa ya mama yake. Mabuu yake husafiri mwilini kabla ya kurudi utumboni na kukomaa. Dozi inaua waliokwisha kufika utumboni, walio safarini wanafika baadaye kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana ratiba ni kila wiki mbili mpaka wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Wako amekosa dozi tatu hivi. Mtazame kwa juu na kwa ubavuni: tumbo limevimba duara, gumu kama ngoma, huku uti wa mgongo unahesabika kwa kidole? Huo ndio mwonekano wake.

Tegu ni jambo jingine kabisa. Vipande vyake vinafanana na punje za mchele, vinanasa kwenye manyoya chini ya mkia au juu ya choo kipya, na vikiwa vibichi vinajongea. Anampata kwa kumeza kiroboto wakati wa kujilamba. Hapa wengi wanapoteza pesa: dawa yenye pirantel peke yake inatoa minyoo ya mviringo ila tegu haimgusi. Tegu anatolewa na prazikwanteli. Soma kiambato nyuma ya pakiti, jina la mbele lisikutoshe, na dozi daktari wa wanyama aipime kwa uzito wa siku hiyo.

Kipimo cha viroboto: pitisha kitana chenye meno ya karibu karibu kiunoni, jirani na mkia, kisha kung'uta juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyolowa. Vumbi jeusi likibaki jeusi ni uchafu tu. Likianza kutoa wekundu wa kahawia pembeni kama wino unaosambaa, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na ule wekundu ni damu ya paka wako.

Maziwa ya ng'ombe acha leo. Baada ya kuachishwa kunyonya, uwezo wa utumbo wa kumeng'enya sukari ya maziwa unapungua, sukari inabaki inavuta maji, choo kinalainika. Mpe maji safi. Choo kisipojikusanya siku nne au tano baada ya kuacha maziwa, peleka sampuli kwa daktari, iliyochukuliwa siku tatu tofauti, kwa sababu kijidudu cha giadia hakitoki kila siku na sampuli moja inaweza kukipita.

Nyayo_Laini

Nashukuru sana. Majibu: kikombe kimoja ni gramu 18, kwa hiyo gramu 36 kwa siku. Paketi inasema kilokalori 400 kwa gramu 100. Kisahani cha maziwa kinachukua mililita 50. Karatasi iliyolowa imetoa wekundu, sehemu kama kumi hivi. Vipande vya mchele sijaviona. Nimwongeze mpaka 56 leo leo? Na je, nichanganye nyama ya kuchemsha ili apate nguvu haraka?

Mizani_Kwanza

Gramu 36 ni kilokalori 144. Maziwa yanaongeza kama 30. Jumla 174 dhidi ya 225, na maziwa yenyewe yalikuwa yanalainisha choo tu. Paka wako si mlafi. Analia kwa sababu ana njaa.

Usiruke mpaka 56 leo, utumbo utakataa na choo kitakuwa maji, halafu utadhani chakula ndicho kibaya. Ongeza gramu 5 kila siku: 41, 46, 51, 56. Choo kikilainika zaidi, baki pale ulipofika siku mbili, kisha endelea. Milo minne ianze leo hii, hiyo haina haja ya kusubiri.

Nyama ya kuchemsha iwe kionjo tu, isizidi sehemu moja ya kumi ya kilokalori zake. Kwa kuku wa kifuani asiye na ngozi ni kama gramu 13 kwa siku, bila chumvi, bila kitunguu na bila kitunguu saumu, kwa kuwa hivyo viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Na kile unachompa kitoe kwenye zile 225. Kosa la kufanya nyama tupu kuwa chakula kikuu linaonekana kwenye mifupa. Nyama ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalisi, mwili wa paka anayekua unakwenda kuchota kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe, na ndipo unamwona anaruka kutoka kitini na kuvunjika mguu. Maini kila siku nayo yanarundika vitamini A. Chakula cha mbwa kisiwe mbadala hata kwa wiki: paka hajitengenezei taurini (kirutubisho kilichomo kwenye nyama) ya kumtosha, na moyo na macho yake vinaitegemea.

Mchunguzi_wa_Mchanga

Wekundu kwenye karatasi unatosha kumwambia daktari ampe ya mviringo na ya tegu kwa pamoja. Usisubiri kuviona vipande.

Kwa viroboto tumia dawa iliyoandikwa ya paka, ya umri huu na uzito huu. Ya mbwa yenye pemethrini inaua paka, hata tone la kugawana. Watibu wanyama wote wa nyumbani siku moja, fua matandiko yao kwa maji ya nyuzi 60, na rudia dawa kila mwezi kwa miezi mitatu bila kuruka, kwa sababu walio kwenye vifuko vyao sakafuni wanaendelea kuanguliwa wiki nyingi baada ya wewe kudhani umemaliza. Ukiacha katikati, kiroboto atarudi, na tegu nyuma yake.

Inua mdomo utazame fizi pia. Zikiwa na rangi ya waridi, sawa. Zikipauka kuelekea weupe, viroboto wamemnyonya damu kupita kiasi, mpeleke siku hiyo hiyo.

Bakuli_Pana

Kuhusu kutapika. Punje zilizorudi nzima, ndani ya dakika chache, zimejipanga kama soseji, zimecheuliwa tu, hazikufika mbali. Dawa yake ni kumchelewesha. Tumia bati la keki lenye vikombe 12, tia punje chache kila kikombe. Au sinia bapa, zisambaze punje zisigusane. Bakuli lenye shimo la kina linamsaidia kubugia. Kama chakula kimekaa saa kadhaa na kurudi kikiwa kimelainika, au anatapika majimaji ya manjano, au anatapika siku mbili mfululizo, hapo si suala la bakuli.

Kilio cha alfajiri msikimbilie kukifundisha nidhamu. Paka mwenye njaa hafundishwi kunyamaza, anashibishwa. Subiri wiki mbili za chakula kamili na uzito unaopanda. Kama bado analia saa 10 alfajiri, sasa ni mazoea, nayo yamejengwa na yule anayeamka kumpa. Paka kwa asili anachangamka alfajiri na machweo, kwa hiyo kuamka ataamka. Tatizo ni kwamba kuamka kwake kumeunganishwa na bakuli.

Anza na jioni. Dakika 10 hadi 15 kabla ya mlo wa saa 4 mkimbize na kamba yenye manyoya, umwache aikamate mara kadhaa, kisha umwekee chakula papo hapo. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: ndivyo mwili wake unavyofuatana. Kamba ifungiwe kabatini baadaye, kwa sababu uzi uliomezwa unakata utumbo. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke kwa daktari.

Asubuhi, uamkapo usiende jikoni. Oga, vaa, chemsha maji, dakika 20 zipite, ndipo umlishe. Akilia mlangoni usifungue, usimkemee, usimwite jina. Siku tatu nne za mwanzo kilio kitazidi, hiyo ni kawaida kabla ya kukatika. Mtu akichoka siku ya nne akafungua, paka amejifunza kwamba inabidi kulia siku nne, na mara nyingine itakuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo kubalianeni nyumba nzima kabla ya kuanza. Kilishio cha saa kilichopangwa saa 11 alfajiri kinafanya kazi vizuri pia, maana paka anaanza kukisubiri chombo badala yako.

Pipa la taka litafutie mfuniko wenye kufunga. Mfupa uliopikwa ni hatari kuliko njaa yenyewe.

Mizani_Kwanza

La mwisho kwa upande wangu, kwa sababu umesema hajafungwa kizazi. Ndani ya siku chache baada ya upasuaji hamu ya kula inapanda, wakati matumizi ya nguvu mwilini yanashuka. Hapo ndipo vitambi vingi vinaanzia. Usihamie chakula cha paka wakubwa, bado anakua mpaka karibu mwaka. Baki na hicho hicho, kidonda kikipona punguza kama sehemu moja ya tano, kisha uongozwe na mizani ya wiki na mkono wako.

Mkono unapimwa hivi: kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo. Mbavu zake zikihisika hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, pitisha kidole mgongoni mwa mkono, pale mifupa inapogusika chini ya ngozi nyembamba: hapo ndipo mbavu zinapotakiwa ziwe. Geuza kiganja juu, ugusie chini ya vidole. Mbavu zikijificha hivyo, punguza gramu 3 au 4 kwa siku na upime tena baada ya wiki mbili.

Akikataa chakula nusu siku nzima, huyu anayelia hivi sasa, usingoje kesho.