Unga wa manjano "wa ubongo" Mwanjelwa: aachwe anadi au azuiwe?

Mleta mada (Mbeya mjini)
Wakuu, salaam. Jumamosi nilienda Mwanjelwa kununua maharage, nikakuta kijana na spika yake ananadi manjano kwenye chupa: "Wanasayansi wamethibitisha, inazima moto kichwani, mzee hasahau tena!" Mama mdogo, anayemlea bibi yetu Tukuyu, keshanunua chupa mbili.

Nikaingia kusoma. Moto wenyewe upo. Ubongo una askari wake, seli za mikroglia, alizozitambulisha Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919. Hufagia takataka na kupambana na vijidudu. Zikichokozwa muda mrefu hazitulii, humwaga kemikali zinazoumiza hata seli za jirani. Mchochota huo unahusishwa na Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu. Na kurkumini iliyomo kwenye manjano kweli inazituliza. Ila wapi? Kwenye kisahani cha maabara! Mara nyingi ni seli za panya, zinachokozwa kwa kipande cha ganda la bakteria, kisha zinamwagiwa kurkumini juu kwa juu.

Bibi hamwagiwi manjano ubongoni. Anayala. Utumbo unanyonya kiduchu, ini linavunjavunja, halafu kuna ukuta kati ya damu na ubongo. Jaribio dogo la Marekani lililochapishwa 2012 liliwapa wagonjwa wa Alzheimer kurkumini kwa wiki 24, na hawakuwapita waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani.

Msimamo wangu: auze kiungo cha mchuzi, ubongo asiutaje.

Mkulima wa chai (Rungwe)
Dada, umesoma lakini umemwonea kijana. Kwinini imetoka kwenye magome. Artemisinini ya malaria imetoka kwenye majani, na Mchina aliyeigundua, Tu Youyou, akapewa Nobel 2015. Wangedharau majani tungekuwa wapi? Hata chai yetu nasikia ina vitu hivyohivyo vya kutuliza ubongo. Mbona hapo hamlalamiki? Ni kwa sababu anayeuza ni mmachinga.

Mchangiaji (Uyole)
Mnakumbuka kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kule Samunge, 2011? Shilingi 500, na wagonjwa wengine wakafia foleni. Yule alisema kaoteshwa na Mungu. Huyu kaoteshwa na maabara.

Mfamasia (Iringa)
Kaka wa Rungwe, hoja yako ina uzito, ila Tu Youyou hakuishia kwenye kisahani. Dawa ile ilipita kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wa malaria, ndipo ikaaminiwa. Manjano nayo imefika kwa wagonjwa, ikakwama.

Chai ya kikombe kunywa tu. Kinachosifiwa maabara ni kemikali zake ziitwazo katekini, nyingi kwenye chai ya kijani. Majani yakichachushwa kiwandani kuwa chai nyeusi, sehemu kubwa ya katekini hugeuka kitu kingine. Walioikamua wakaitia kwenye vidonge ndio wenye kesi: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku zinaweza kulisumbua ini.

Ninachokiogopa kwenye chupa hiyo ni pilipili manga. Wauzaji huichanganya kwa makusudi, maana jaribio la 1998 lilionyesha piperini yake inapandisha kurkumini kwenye damu kwa asilimia 2,000. Lakini inapandisha na dawa nyingine, mfano fenitoini ya kifafa. Bibi anameza nini?

Mganga wa tiba asili (Mbozi)
Sheria ya tiba asili ya 2002 inatutambua, na Baraza la tiba asili linatusajili. Mimi nimesajiliwa, spika sina. Huyo kijana mwulizeni cheti kabla hamjatutukana wote.

Mkulima wa chai (Rungwe)
Hapo kwenye cheti nakubali. Kwenye kumzuia kutaja ubongo, bado. Aandike "haijathibitishwa kwa watu", mnunuzi aamue mwenyewe.

Mleta mada
Mnunuzi ni mama mdogo, kaka. Anaona mama yake hamjui tena kwa jina. Hiyo karatasi ataisoma saa ngapi?

Mfamasia, ndaga fijo (asante sana). Bibi anameza dawa ya presha na nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Mfamasia (Iringa)
Ya kuzuia damu kuganda? Mpigie mama mdogo leo, asimpe tena manjano hiyo. Chupa imeandikwa kuna nini ndani?

Mleta mada
Nimeshampigia. Anasema kuna picha ya ubongo, basi.