Kutoka CNA hadi PTA hapa Ohio: njia ikoje, na naweza na watoto wawili?

Zamu_ya_Usiku (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nafanya usiku. Nina kadi ya kijani, watoto wawili wa shule ya msingi, na mume dereva wa lori ambaye wiki nzima yuko barabarani. Nyumbani Kenya nilimaliza kidato cha nne, na fizikia niliiacha kidato cha pili kama wengi wetu.

Kuna mama pale kazini aliyepata kiharusi, upande wa kushoto ukalala kabisa. Usiku tulikuwa tunamgeuza watu wawili. Juzi nikikabidhi zamu nikamkuta amesimama katikati ya vyuma vya mazoezi, PTA, yaani msaidizi wa mwanafiziotherapia (mtaalamu wa tiba ya viungo), amemshika ule mkanda wa kiunoni, anamwelekeza polepole ahamishie uzito mguu wa kushoto. Nilibaki mlangoni nikiangalia. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka.

Sasa naomba mnisaidie. Shule ni ya muda gani, na nitajuaje ya kweli? Kuna moja imenipigia simu, inaahidi cheti kwa miezi michache kupitia mtandao. Naweza kusoma huku nikifanya usiku? Na baadaye, mtu anaweza kupanda akawa mwanafiziotherapia kamili?

---

Binti_Tanga (Minnesota)

Dada, habari za zamu. Mimi ni PTA, na kabla ya hapo nilikuwa CNA kama wewe, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza hao wa simu: usiwape hata senti. PTA ni shahada ya miaka miwili, mara nyingi mihula mitano, katika programu iliyoidhinishwa na CAPTE, tume inayokagua shule za fani hii Marekani. Bila hiyo hukubaliwi kukaa mtihani wa taifa, NPTE, na bila mtihani hakuna leseni. Cheti cha miezi michache kitakufanya yule anayepanga vitanda, kufua taulo na kusukuma viti vya magurudumu. Ni kazi halali, lakini sehemu nyingi haidai cheti chochote, utafundishwa hapo hapo kazini. Na mshahara ni mbali: takwimu za serikali za mwaka 2023 ziliweka PTA wa katikati kwenye dola 64,080 kwa mwaka, na yule msaidizi wa chumba karibu nusu ya hapo.

Orodha ya shule zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya CAPTE. Usiishie kuona jina tu. Kila shule inatakiwa kutangaza wangapi wanamaliza, wangapi wanafaulu NPTE na wangapi wanapata kazi. Kiwango cha chini cha kumaliza ni asilimia 60, na cha kufaulu mtihani ni asilimia 85. Fikiria maana yake: shule inaweza kuwa halali kabisa na bado wanafunzi wanne katika kumi wakaishia njiani. Tafuta inayozidi hapo sana. Na ukikuta imeandikwa kwamba bado ni mwombaji wa idhini, yaani programu mpya, waulize kinachokupata wewe iwapo hawataipata.

Anza na chuo cha jamii, si cha kibinafsi. Ukishaishi Ohio mwaka mmoja, mara nyingi unalipa ada ya mkazi. Una kadi ya kijani, kwa hiyo jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Kwa kipato cha CNA mwenye watoto wawili, kuna uwezekano mzuri wa kupata Pell Grant, na hiyo hairudishwi. Cheti chako cha kidato cha nne, KCSE, peleka kwa wakala wa kutathmini vyeti vya nje mapema, maana karatasi za kutoka nyumbani huchukua muda wake.

Shuleni ugumu uko kwenye anatomia. Misuli yote: unaanzia wapi, unashika wapi, neva gani inauendesha, unafanya nini. Halafu kinesiolojia, jinsi kiungo kinavyosogea, na hapo ndipo ile fizikia uliyoiacha itakukuta. Usiogope, ni nguvu na nyenzo tu: kwa nini uzito mdogo ulioushika mkono ukiwa umenyooka unachosha kuliko ukiukunja. Utapima pembe za goti kwa goniometa, utapima nguvu ya msuli kuanzia 0 hadi 5, na mtakuwa mnapimana wenyewe kwa wenyewe darasani. Sisi wanawake wa Kiislamu wengine linatupa shida kidogo kuvaa kaptura mbele ya wanafunzi wenzetu. Ongea na mwalimu mapema, mimi nilipewa mwenzangu mwanamke na pazia.

Mitihani ya vitendo haina huruma kwenye usalama. Unaingia, mwalimu amelala kitandani akijifanya mgonjwa, unatakiwa umhamishie kwenye kiti cha magurudumu. Ukisahau kufunga breki za kiti, umefeli, hata kama mengine yote umefanya vizuri. Usipomvisha mkanda, umefeli. Wewe CNA haya yamo mikononi tayari.

Kuna jambo moja tu ambalo ukiwa CNA itabidi ulifumue, na nataka ulisikie sasa kabla hujafika huko. Sisi tumezoea kumfanyia mgonjwa. Una watu kumi na saa hazitoshi, mzee anahangaika kuinuka, unaweka mkono kwapani unamvuta, mnaendelea. PTA anafanya kinyume. Unamwambia: sogea hadi ukingoni mwa kiti. Rudisha miguu nyuma ya magoti. Mikono kwenye viegemeo, usiushike woka, utakuangukia. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu. Sasa sukuma. Halafu unangoja. Anajaribu, anarudi chini. Unangoja. Mkono wako uko kwenye mkanda, umejiandaa, lakini huvuti. Kungoja huko ndiyo kazi yenyewe. Msuli wa paja haupati nguvu kwa sababu wewe una mikono yenye nguvu. Mwalimu wangu wa mafunzo ya vitendo alikuwa anasimama nyuma yangu na kuniambia, "Mwache afanye yeye." Mara nyingi sana aliniambia hivyo.

Kingine ni mipaka. Anayempima mgonjwa mara ya kwanza na kuandika mpango wa tiba ni mwanafiziotherapia. Sisi tunautekeleza. Ndani ya mpango naweza kuongeza uzito, kupunguza marudio, kusimamisha zoezi. Kubadilisha mpango wenyewe siwezi. Lakini usidhani basi hatutumii akili. Mgonjwa wa goti jipya anakuja na shavu la mguu limevimba, lina joto, linauma ukiligusa. Anakuomba umkande. Humkandi, wala humtembezi. Unasimamisha kila kitu na kutoa taarifa saa hiyo hiyo, maana huenda ni damu imeganda kwenye mshipa, na ikisafiri hadi mapafuni inaua. Usiku wewe ndiye unayeiona hiyo miguu, kwa hiyo hata leo, kabla ya shule, uwe unaiangalia.

Kusoma na kufanya usiku: muhula wa masomo ya awali, ndiyo. Programu yenyewe kwa kawaida ni ya mchana, siku tano, na mwishoni kuna mafunzo ya vitendo, wiki kadhaa za saa 40 bila malipo. Hapo usiku hauwezekani, nasema kwa upendo. Wengi tulihamia zamu za Jumamosi na Jumapili. Muulize msimamizi wako kama wanazo, na anza kuweka akiba ya kipindi hicho sasa. Mume akiweza kupata safari za karibu muhula huo wa mwisho, mzungumze mapema.

---

Mzee_wa_Houston

Binti amesema vizuri, lakini acha niseme upande wa pili kabla dada hajatumia miaka yake. Tangu Januari 2022 Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inalipa asilimia 85 tu ya bei kwa huduma iliyotolewa na PTA. Wazee ndio wateja wa kazi hii. Mwajiri anaona hiyo hesabu. Pili, ngazi ni fupi: ukishakuwa PTA, mwaka wa kumi bado ni PTA. Muda huo huo wa chuo cha jamii ungekupa uuguzi, RN, na RN anaweza kwenda wodi yoyote, akasomea zaidi, akapanda. Mke wangu alifanya hivyo. Na mgongo wako, dada, umeshanyanyua watu miaka. Ufikirie.

---

Binti_Tanga

Mzee, shikamoo. Ya asilimia 85 ni kweli, na inaniuma, kwa sababu mgonjwa anapata saa ile ile na mikono ile ile. Kuna sehemu malipo ya saa yamebaki pale pale. Ila kazi hazijakauka. Serikali yenyewe inatabiri zitaongezeka haraka kuliko kazi nyingi, kwa vile kizazi kikubwa kinazeeka na kila mtu anabadilishwa goti. Kazi yenyewe si ya jana: wahitimu wa kwanza 15 walitoka mwaka 1969, Miami na hapa kwetu Minneapolis.

Kuhusu ngazi, dada, hapa nikueleze ukweli wote. Mwanafiziotherapia wa Marekani leo anasoma udaktari wa fiziotherapia, DPT, kwa kawaida miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Masomo ya PTA hayakati miaka hiyo. Njia za mkato ni chache mno, lakini mojawapo iko jimboni kwako: Chuo Kikuu cha Findlay, Ohio, kina programu ya wikendi kwa PTA wanaotaka DPT. Utahitaji shahada ya kwanza kwanza. Ni safari ndefu, na deni. Usiingie PTA ukiihesabu kama ngazi ya chini ya DPT. Ingia kama unaitaka yenyewe.

Na Mzee, uuguzi ni kazi nzuri. Kama dada angesema anataka kipato na nafasi nyingi, ningemwambia aende RN leo. Hakusema hivyo. Kasema alisimama mlangoni akaangalia mtu akijifunza kusimama. Aliyeingia uuguzi akilitamani hilo atatumia zamu yake nzima kwenye dawa na makaratasi, na chumba cha mazoezi kitabaki upande wa pili wa korido.

---

Fizio_Eldoret

Mimi niko nyumbani, nina diploma ya fiziotherapia ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, miaka mitatu. Hapa tunasajiliwa na Baraza la Wanafiziotherapia, na mtu wa diploma anampima mgonjwa mwenyewe na kupanga tiba mwenyewe. Cheo cha PTA hatuna. Binamu yangu yuko Dallas ananiambia nije nianze kama PTA. Inawezekana?

Dada, nawe anza misuli sasa hivi. Chukua mmoja kwa siku, ujichore kwa kalamu juu ya mguu wako mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyosoma.

---

Binti_Tanga

Kaka, diploma haigeuki leseni kwa kufika tu. Wa nje wanatathminiwa masomo yao dhidi ya mtaala wa sasa wa Marekani, ambao ni wa DPT, na diploma ya miaka mitatu huwa pungufu. Kama kuna mlango wa PTA kwa aliyesoma nje, kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo waandikie bodi ya Texas kabla ya kununua tiketi, na upate jibu kwa maandishi. Usitegemee neno la binamu.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana, na Mzee pia, nimekusikia. Leo wamenipigia tena wale wa cheti, nimewakatalia. Nimeuliza kuhusu zamu za wikendi, nafasi moja inafunguka mwezi ujao. Swali la mwisho: anatomia nichukue kabla ya kuomba nafasi, au ndani ya programu? Na hiyo NPTE ikoje?

---

Binti_Tanga

Kabla, kama chuo kinaruhusu. Pointi zake zinakusaidia kuchaguliwa, na unabaki na mzigo mwepesi baadaye. Ila uliza alama zake zinadumu miaka mingapi, vyuo vingine vinakataa ya zamani. Uliza pia kama wanadai saa za kutazama kazi. Wewe uko kwenye jengo lenye chumba cha mazoezi, kwa hiyo mwombe mkuu wa kitengo akuruhusu ukae baada ya zamu, akusainie.

NPTE ni ya kompyuta, inafanyika mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kuna ada ya mtihani, mbali na ada ya jimbo. Alama ya kufaulu ni 600 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Unaruhusiwa mara tatu kwa miezi kumi na miwili, na mara sita maisha yako yote, kwa hiyo usiende kujaribu bahati. Maswali mengi ni ya kisa: mgonjwa yuko hivi, amefanya hivi, PTA afanye nini kwanza? Majibu mawili yatakuwa sahihi, moja ndilo salama zaidi.

Ukipata jina la chuo nitumie ujumbe, tuangalie namba zao pamoja kabla hujalipa ada ya maombi.