Naomba ushauri: komiki ya The Walking Dead inatofautiana kiasi gani na tamthilia yake?

Mkazi wa Bombo
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 15, yuko S.3 (kidato cha tatu). Tamthilia ya The Walking Dead, ile ya maiti zinazotembea, ameimaliza yote, sizoni 11, nyingine kwenye kibanda cha video, vijei (msimulizi wa filamu) akitafsiri kwa Kiganda, nyingine kwa flashi za kuazima. Kwa Rick Grimes, mhusika mkuu, humwambii kitu. Sasa nataka apate komiki yenyewe, ile iliyotangulia. Nasikia hadithi si ile ile. Anayezijua zote mbili anisaidie: tofauti ni kubwa? Kuna jambo linampata Rick kwenye komiki ambalo kwenye tamthilia halikumpata? Nataka kujua kabla ya Jumamosi. Msinicheke tafadhali, jambo hili linaninyima usingizi.

Kibandani Daima
Umefika. Kwanza kabisa, Daryl hayupo. Matoleo 193, kuanzia Oktoba 2003 hadi Julai 2019, humo hamna Daryl wala kaka yake Merle. Wale wawili walitungwa kwa ajili ya runinga. Kama dogo ni mtu wa Daryl, muandae mapema. Shane, rafiki wa Rick, kwenye tamthilia anafika mwisho wa sizoni ya 2 na Rick ndiye anayemuua. Kwenye komiki hafiki toleo la 7, na anayempiga risasi ni Carl, mtoto wa Rick. Sophia, yule binti aliyetoka kwenye banda la Hershel akiwa ameshageuka, kibanda chetu kizima kikanyamaza, kwenye komiki anaishi, anakua, anaolewa na Carl. Mama yake Carol ndiye anayejitoa uhai kule gerezani, anajipeleka mwenyewe kwa mfu ang'atwe. Carol jabali tunayemjua sisi ni wa runinga. Andrea ni kinyume: runinga ilimmaliza sizoni ya 3, komiki ikampa maisha marefu, akawa mke wa Rick. Na Judith, binti mchanga wa mke wa Rick, kwenye komiki anakufa pamoja na mama yake. Ya Negan, adui wao mkubwa, sijagusa. Ukitaka niulize, hayo ni mazungumzo ya usiku kucha.

Mama Hajara
Mwanangu, sijui komiki wala sijui Rick. Mtoto wa S.3 mwakani ana mtihani wa UCE na wewe unamtafutia maiti zinazotembea? Wangu nilimkataza sinema hizo baada ya kuanza kuamka usiku kukagua milango. Mnunulie vitabu vya fizikia. Na huo usingizi unaokukimbia, soma dua kabla ya kulala.

Rangi Mbili
Mimi ni mchoraji, natengeneza kadi za harusi na mabango hapa Nasser Road, na nashangaa hakuna aliyetaja wino. Komiki ile ni nyeusi na nyeupe na kijivu, ndani hakuna rangi nyingine. Matoleo 6 ya mwanzo alichora Tony Moore, baada yake Charlie Adlard akashika kalamu mpaka mwisho, miaka yote hiyo. Kwenye runinga damu inakuja na wekundu wake na sauti yake. Kwa Adlard inakuja nyeusi, jicho lako ndilo linaloipaka rangi. Mimi nilijifunza mikunjo ya nguo kwa kumnakili Michonne, yule mwanamke wa upanga, nyuma ya risiti za dukani, bosi wangu wa wakati huo akidhani naandika hesabu. Mpaka leo nikichora shela la bibi harusi, kile kivuli cha chini ya kiwiko nimekitoa kwa Adlard. Mnunulie dogo, asante utaipata baadaye.

Mkazi wa Bombo
Nashukuru wote. Mama Hajara, shikamoo, dua nasoma. Lakini nimeuliza kuhusu Rick. Hasa pale yeye na Glenn na Michonne wanapofuata helikopta iliyoanguka, wakaingia Woodbury, mji wa yule katili anayeitwa Gavana.

Kibandani Daima
Subiri kwanza. Umesema hujui komiki ikoje, sasa unataja helikopta? Tamthilia haikumpeleka Rick Woodbury kwa njia hiyo. Waliokamatwa kule ni Glenn na Maggie, na aliyewakamata ni Merle. Wewe jibu unalo mkononi. Tuambie shida yenyewe.

Mkazi wa Bombo
Haya. Toleo la 28. Gavana anamuuliza Rick watu wake wanaishi wapi, Rick hasemi, wanamlaza mezani na Gavana anamkata mkono wa kulia kwa kisu.

Mdogo wangu mwaka jana alipanda bodaboda, lori likawabana kwenye barabara kuu ya kwenda Gulu. Dereva alipona. Mdogo wangu walimkata mkono juu kidogo ya kifundo. Wa kulia.

Kitabu nimeshakinunua. Ni Compendium One, lile juzuu lenye matoleo 48 ya mwanzo, zaidi ya kurasa 1,000. Nilitumia pesa aliyotuma mjomba, na kabla hamjasema: mjomba alisema mnunulie kitu kitakachomfurahisha, hakusema dawa wala ada. Nikakaa usiku kukisoma ili nijue namkabidhi nini, nikafika pale. Kurasa za kile kisu nimeshazitoa kwa wembe, kwa unyoofu kabisa, huwezi kujua kama hutahesabu. Naona ndiyo njia sahihi. Kijana ameanza juzi tu kula mbele za watu. Ninachotaka kwenu ni kujua kama kuna pengine pa kutoa.

Rangi Mbili
Umechana Adlard?

Pole sana kwa mdogo wako, nasema kwa moyo wote. Lakini kaka, utatoa kurasa ngapi? Mkono haurudi. Kuanzia toleo la 28 mpaka anapouawa toleo la 192, Rick ni mtu wa mkono mmoja. Yuko hivyo gerezani, yuko hivyo Alexandria, yuko hivyo mbele ya Negan. Ukiondoa kisu tu, kijana atafungua ukurasa amkute Rick na bandeji, asijue nani kamfanyia. Hiyo ni mbaya zaidi.

Boda wa Wobulenzi
Poleni jamani. Mimi vidole viwili vilibaki kwenye mashine ya kusaga mahindi nikiwa kijana. Kilichoniuma zaidi ni watu. Shangazi yangu alikuwa ananimegea chapati vipande kama mtoto wa kunyonyeshwa, nikamwambia shangazi, meno bado ninayo. Leo naendesha bodaboda, klachi naikamata kwa vilivyobaki, abiria hajui mpaka nampa chenji. Mwache dogo afanye vitu mwenyewe, hata kama anachelewa.

Mwalimu Okot
Nirudi kwa Mama Hajara, maana hoja ya mtihani ipo. UNEB, baraza la mitihani, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye ulemavu, lakini shule lazima iombe wakati wa kusajili. Wengi wanakumbuka wiki ya mtihani. Nenda kwa mkuu wa shule sasa hivi, na uwe na barua ya daktari. Mkono wa kushoto ameanza kuandikia?

Sidanganyiki
Naomba niwe mbaya kidogo. Hii ni chai. Tena ya rangi, sukari ya kutosha.

Mosi, mleta uzi alianza kwa kujifanya hajui komiki, kumbe ameshafika toleo la 28. Pili, mtoto anampenda Rick, na katika viungo vyote vya mwili, kilichokatika ni kile kile cha Rick, upande ule ule. Tatu, bei ya Compendium One hapa Kampala si mchezo, halafu mtu anaichana kwa wembe? Tumeshaona nyuzi za namna hii: wiki ijayo tutaletewa namba ya kuchangia mkono wa bandia. Weka picha.

Kibandani Daima
Hapo kwa upande ule ule hata mimi nilisita, sikatai.

Mama Hajara
Mkidai picha ya mtoto wa watu aliyekatwa mkono mmefikia wapi? Muogopeni Mungu.

Sidanganyiki
Mama, sijasema uso. Picha ya kitabu kilichochanwa tu inatosha.

Boda wa Wobulenzi
Mimi vidole vyangu nitaweka picha, mniamini walau mmoja 😂

Mkazi wa Bombo
Sitaweka picha ya chochote na sitachangisha chochote. Atakayeniamini aniamini.

Mwanzoni sikusema kwa sababu nilijua nikisema, kila mtu atajibu kuhusu mkono na hakuna atakayejibu kuhusu kitabu. Na ndivyo ilivyokuwa. Upande ule ule? Ndiyo, ndiyo maana silali! Ingekuwa wa kushoto ningempa kitabu siku ile ile.

Kijana wangu sasa anafunga vifungo vya shati kabla ya kulivaa, anaacha viwili vya juu, anaingiza kichwa. Aliibuni mwenyewe. Mwalimu, kushoto anaandika, polepole, daftari analizuia lisiteleze kwa kuliwekea kopo la chai. Na tamthilia anairudia upya. Kuna vipande anavisimamisha, anavitazama, halafu anaendelea. Sijamuuliza ni kwa nini.

Dada Saluwa
Nimesoma uzi wote. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, na komiki nimezisoma zote, kwa hiyo nina maneno pande zote mbili.

Kaka, tamthilia hiyo unayoiona salama imemwonyesha nini? Merle anajikata mkono wa kulia juu ya paa la Atlanta sizoni ya 1, akarudi na kisu kimefungwa mahali pa mkono. Hershel anakatwa mguu sizoni ya 3. Kwenye komiki hilo halikumpata, anayekatwa mguu kule ni Dale. Aaron anapoteza mkono wa kushoto sizoni ya 9. Na kama ameiona The Ones Who Live, tamthilia iliyofuata ya 2024, Rick mwenyewe anajikata mkono, wa kushoto, ili atoroke. Mdogo wako amekuwa akitazama watu waliokatwa viungo tangu mwanzo. Nadhani hivyo vipande anavyovisimamisha unavijua.

Tofauti ya komiki ni muda. Robert Kirkman, mwandishi wake, amewahi kusema alijutia kumkata Rick mapema vile kwa sababu kila jambo dogo likawa tabu kuliandika, na kwenye runinga ingekuwa gharama na usumbufu kumficha mwigizaji mkono kila sehemu. Kwangu tabu ile ndiyo faida yake. Mwanamume wa mkono mmoja anaongoza mji, anapigana, anaoa, analea mtoto, anakosea, anavunjwa mguu na Negan halafu anatembea kwa fimbo. Anapouawa toleo la 192 ni kwa risasi ya kijana mwenye hasira ya madaraka, wala haihusiani na mkono. Runinga ilimpa Rick hadithi hiyo mwishoni kabisa, baada ya sizoni zote. Kijana mwenye hali ya mdogo wako, ningetamani aione ndefu.

Ila wembe umeupeleka pasipo. Kurasa zinazofuata ndizo za kukutisha: alichofanyiwa Michonne na Gavana, na baadaye Michonne alichomfanyia Gavana alipomrudia. Ni ubakaji na mateso, tena kwa marefu na mapana. Runinga haikuthubutu kuyaonyesha hayo. Komiki hii ni ya watu wazima. Kwa miaka 15, hapo ndipo mkubwa anapotakiwa kuwepo karibu, kwenye mkono wala usijisumbue.

Kibandani Daima
Dada Saluwa kamaliza. Tena kumbuka kwenye komiki Gavana anautumia upanga wa Michonne kumchinja Tyreese, si Hershel. Hapo pia pana uzito.

Sidanganyiki
Sawa. Ya vifungo vya shati sidhani mtu anaweza kuitunga. Dai la picha nimeliondoa. Lakini swali langu moja bado lipo, na ni la nia njema: kijana mwenyewe umemuuliza? Ana simu? Ana marafiki? Toleo la 28 lilitoka kabla hajazaliwa. Unadhani shabiki wa Rick wa namna hiyo hajui?

Mkazi wa Bombo
Nimekaa na swali la Sidanganyiki mchana kutwa, jioni nikamuuliza. Anajua. Aliona mchoro kwa simu ya rafiki yake hata kabla ya ajali. Alichotaka kujua ni kama Rick anaendelea kupiga bunduki baada ya pale. Nikamwambia ndiyo, kwa kushoto. Akasema nimletee.

Bado naona nilikuwa na sababu ya kutangulia kukisoma, na sehemu ya Michonne hatasoma peke yake. Nimemwambia kuna kitu kibaya mle anafanyiwa mwanamke, tutafika hapo pamoja, akitaka turuke tutaruka. Mwalimu, kwa mkuu wa shule naenda Jumatatu. Kurasa nilizozitoa ninazo zote, nimezibana ndani ya daftari. Nitazirudisha kwa selotepu.

Rangi Mbili
USITUMIE SELOTEPU. Baada ya muda inageuka njano na kula wino, na kurasa zinagandana. Hapo panahitaji ukanda mwembamba wa karatasi laini na gundi nyeupe kidogo sana, unabandika kwenye mzizi wa ukurasa, unaweka kitabu chini ya uzito usiku mmoja. Hapa kazini tuna kila kitu. Bure, sitaki hata soda. Jumamosi nipo mpaka saa kumi, ukifika Nasser Road nitumie ujumbe hapa nikuelekeze ngazi za kupanda. Uje na dogo, kama anachora nina kalamu za wino za kumwonyesha.

Mkazi wa Bombo
Anachora. Tutakuja saa nne.