Kubakia Likasi, kuhamia Lubumbashi ao kujaribu Kolwezi?

MamaMashini (Likasi)
Jambo yenu ba ndugu na ba yaya. Naomba benye banajua Lushi (Lubumbashi) na Kolwezi banisaidie kuwaza, juu mu nyumba yetu tumegawanyika. Tuko Likasi, huku Kongo (RDC), komini ya Kikula. Mi ninashonaka, bwana yangu anasudaka milango na madirisha ya chuma. Tuko na bana batatu, binti mukubwa anamaliza sekonderi mwaka huu na anataka kuingia UNILU, ile univerisite ya Lubumbashi, ba dogo beko primeri. Nyumba ni ya bazazi ya bwana yangu kwa hiyo hatulipake kitu kila mwezi, na tuko na shamba ya mahindi ku njia ya Kambove, mvua ikinyesha vizuri tunapata bunga ya karibu mwaka muzima.

Shida ni kazi. Mwaka huu bwana anapata mulango moja, anakaa wiki mbili, anapata dirisha moja. Rafiki yake eko Lushi anamuambia kule kuko chantier (fasi ya kujenga) kila kona. Ndugu yake mwingine eko Kolwezi anasema aende kule juu kuko dola. Mi naogopa kuacha nyumba na shamba. Munaonaje?

YayaRuashi
Mama Mashini jambo. Mi nakaa Ruashi, komini ya Lushi, miaka mingi sasa, nitakuambia vile biko.

Chantier biko kweli, hapo rafiki hakudanganya. Muji inakula pori pande zote, Kasapa, Kilobelobe, Kisanga, kila muntu anajenga ukuta na portai (geti), na portai ni kazi ya bwana yako. Lakini ba sudeur, bale ba kuunga chuma, nao beko wengi, mteja anakuuliza bei, anavuka barabara anauliza mwingine, anarudia anakuambia upunguze. Na sudeur bila kuran (umeme) hana kazi. Kuran ikikatika asubui mpaka usiku, mwenye groupe (jenereta) anaendelea, mwenye hana anakaa ku kiti. Kwa hiyo mbele ya kutafuta nyumba mutafute fasi ya kufanyia kazi, mukae pale siku kadhaa muulize ba jirani kuran inakuyaka saa ngapi. Bantu banaangaliaka nyumba mchana, banaona ukuta muzuri, banalipa, kisha njo banajua.

Ya pili ni nyumba. Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa, ile pesa ya kuweka mbele ya kuingia, isipite miezi tatu. Mu kartie utasikia mwenye nyumba anakuomba sita, na komisioneri (dalali) naye anaomba mwezi moja yake. Musilipe kitu bila karatasi yenye sinyatire. Na Likasi hamulipi kitu! Iyo pesa ya nyumba muiandike kabisa mu hesabu kila mwezi, juu njo itawabana ya kwanza.

Papa_wa_Katuba
Naunga mkono yaya, lakini hajagusa bunga, na bunga njo nyumba.

Binti yangu, wewe mwenye shamba ya Kambove haujue bahati yako. Sisi hapa tunakula bunga ya mfuko, na sehemu kubwa inatokea Zambia kupitia Kasumbalesa, ku mpaka. Zambia ikikohoa, sisi ba Lushi, ba komini ya Katuba, tunalala na njaa. Mwaka wa 2024 kulikuwa ukame mukali kule, serikali yao ikatangaza balaa ya taifa, mahindi yao wenyewe haikubatosha, na sisi huku tukaona bei ya mfuko ya kilo 25 inapanda wiki kwa wiki. Hapo muntu mwenye alivuna hata kidogo alikuwa mukubwa kuliko mwenye mshahara. Ongeza na makala, miti ya karibu imekwisha, inatoka mbali kila mwaka na bei inafuata.

Kwa hiyo mukihama, shamba musiuze. Mupatie ndugu alime, mugawane. Mi niliona familia nyingi zinauza shamba juu ya kulipa garanti, na kisha garanti inaliwa na miezi yenye bamekosa kulipa.

MwanaKolwezi
Kolwezi ni muji ya kufanya pesa, haiko muji ya kuleta bana batatu bila kujua unaenda wapi. Bei hapa, kuanzia chumba mpaka nyanya, inafuata dola ya migodi hata kama wewe hauko mu migodi. Tangu 2015 tumekuwa makao makuu ya Lualaba, muji imejaa bantu, nyumba ikawa ghali.

Kazi za sudeur ziko, tena zenye zinalipa vizuri, lakini nyingi zinapitia ba su-tretan (kampuni ndogo za kufanyia migodi kazi), kontra ya mwezi moja, ya miezi tatu, na ikiisha imeisha. Na muji yote inapumua na kobalti, ile madini ya huku. Februari 2025 serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje, kisha Oktoba ikaweka kota, kila kampuni na kiasi yake. Musifikiri iyo ni mambo ya bakubwa tu. Mi naona vile ilifika mpaka ku mama mwenye kuuza mikate mbele ya depo, juu wateja yake ni bale ba kontra.

Bwana yako akiwa na makaratasi, namaanisha brevet (cheti) ya sudure, na ndugu wa kumulaza, aje yeye peke yake ajaribu. Wewe na bana mubakie.

BintiBukavu
Dada, mimi naandika kutoka Lubumbashi lakini kwetu ni Bukavu, komini ya Kadutu. Siye hatukupima faida na hasara, vita ilitupimia. Goma iliangukaka Januari 2025, Bukavu Februari, mabanki ikafunga milango na mutu mwenye alikuwa na pesa yake mule hakuweza kuitoa. Tulikuja huku na watoto na mabegi.

Yenye nataka kukuambia ni hii: chenye kilitusumbua sana haikuwa pesa ya nyumba, ni kutojulikana. Bukavu nilikuwa na likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) na wamama wa soko, mutoto akigonjwa usiku najua nani nitagonga mulango yake. Hapa nilipofika hakuna mwenye angeniingiza mu likelemba yake, na wana haki, watakupaje pesa ya kikundi wakati hawajue utakuwa wapi mwezi kesho? Ilinipasa kanisa, kidogo kidogo, mupaka mama moja wa koral akasema huyu namujua. Wewe ni mushonaji, wateja wako wa Likasi wanakuaminia kitambaa yao bila kukuomba risiti. Hiyo haibebeke mu gari. Kama utahama, anza kutafuta kanisa na wamama mbele ya kufika.

MamaMashini (Likasi)
BintiBukavu pole sana dada yangu, Mungu abalinde na bana. Iyo neno ya wateja imenigusa kweli. Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba mpaka masomo ianze mi nashona bleu-blanc tu, nguo za masomo, chemise nyeupe na jupe ya bleu, bamama banakuya na bana tano, sita, na banalipa kidogo kidogo mpaka mwezi wa kumi. Iyo sezoni moja inalipaka minervali (pesa ya masomo) na viatu ya bana. Nikihama mu mwezi wa sita nimeipoteza yote.

Na primeri je? Huku masomo ya serikali ni bure tangu 2019 lakini darasa imejaa mpaka bana banaandikia ku magoti.

YayaRuashi
Hapa ni vile vile mama, tena kwa kartie mupya ni mbaya zaidi juu nyumba zinaongezeka kila mwezi na masomo haziongezeke. Bengi banapeleka bana ku masomo ya kulipa. Kwa ba dogo yako sioni faida ya Lushi hata kidogo.

Kwa mukubwa, ndiyo. UNILU iko hapa, na kutoka Likasi ni kama kilomita 120, haiwezekane kwenda na kurudi kila siku, na njiani kuko peage (fasi ya kulipia barabara). Lakini binti moja mwenye kusoma halazimishe familia nzima kuhama. Banapangaka chumba babili ao batatu pande ya Kasapa, banagawana makala na bunga, na wewe unatuma mfuko kutoka shamba. Banafunzi bengi kutoka Likasi na Kolwezi banaishi vile.

Motari_Kenya
Mi nitasema tofauti kidogo na bakubwa, munisamehe. Mukiendelea kuogopa kila kitu hakuna mwenye atatoka Likasi. Muji ile ilikuwa inasimama ku mgongo ya Gécamines, kampuni ya migodi ya Leta (serikali), tangu ianguke miaka ya 90 bana banangojea irudie vile ilikuwa. Papa sudeur akibakia pale ku dirisha moja kwa mwezi, mkono yake utasahau kazi. Huku ku soko ya Kenya, ile komini ya Lushi, nabeba ba fundi na machuma yao kila siku, banaenda chantier, banarudia, hakuna mwenye ni tajiri lakini beko banatembea.

Jambo moja tu: usiku. Kartie za pembeni, kama hakuna kuran barabarani, bezi (wezi) banaingia, na bamoja beko na silaha. Mutafute fasi yenye nyumba zimekaribiana, musivutwe na parseli kubwa ya bei ya chini kule mwisho.

Papa_wa_Katuba
Motari eko na haki juu ya mkono ya fundi. Na umetaja parseli, acha niseme: mukifika musikimbilie kununua. Bulongo (ardhi) ni ya Leta, haki yako inasimama ku sertifika ya anrejistrema, ile hati yenye Leta inaandikisha parseli kwa jina yako. Karatasi ya shefu wa kartie peke yake haitoshi, parseli moja inauzwaka kwa bantu babili na wote beko na karatasi ya shefu.

MamaMashini (Likasi)
Asanteni sana, nimemusomea bwana yote, mpaka ya Motari alifurahia ile sana hahaha.

Vile tumesikilizana: Kolwezi tumeiacha. Mahindi tunavuna mwezi wa nne na wa tano, kisha bwana anaenda Lushi peke yake na mashini yake ya kusuda, analala kwa rafiki, anaangalia kuran na wateja. Mi nabakia na bana nashona bleu-blanc. Mukubwa akipata diplome, tunamutafutia chumba Kasapa na benzake. Kama mu mwezi wa kumi na mbili bwana eko na kazi ya kulipa nyumba bila kugusa pesa ya mashini yangu, tutazungumuza tena. Shamba inabakia yetu.

Yaya, unajua atelye yoyote Ruashi yenye inapangisha fasi kwa sudeur, hata nusu tu, na groupe ikiwa ndani?

YayaRuashi
Kuko papa moja karibu na kwetu eko na hangari na groupe, fundi wake mmoja alienda Kasumbalesa. Nitamuuliza kesho asubui kama anapangisha kwa mwezi ao kwa siku, nakuandikia huku.