Eti macho yangu ndiyo mabovu?! Huyu bwana wa zumu sasa amezidi

Pete_za_Zuhali:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila anayeuliza lenzi ya jicho ya darubini anajibiwa "chukua zumu, nyingine zote tupa", yaani ile lenzi moja inayobadili ukuzaji ukizungusha pete yake. Leo nimesema jambo moja tu: ukizungusha pete ya zumu ya 8-24 mm (24 inakuza kidogo, 8 inakuza zaidi), inabidi urudishe fokasi, yaani ukali wa picha. Jibu lake: "Macho yako ndiyo mabovu." Mbele ya watu wote!

Mabovu! Vioo ndani ya zumu vinasogea. Vikisogea, mahali picha inapokaa panahama, na kwenye hizi za bei nafuu lazima uguse gurudumu la fokasi kila unapotoka 24 kwenda 8. Hata tai ukimkalisha kwenye darubini atalitafuta hilo gurudumu. Tai naye ana macho mabovu?

Na la uwanja, yaani upana wa duara unaloliona ndani ya lenzi, halisemi kabisa. Kwenye 24 mm, pale unapotaka anga pana, zumu nyingi zinakupa nyuzi 40 hivi, halafu zinafunguka hadi karibu 60 ukifika 8. Kinyumenyume! Darubini ya 70/700 (kioo mm 70, urefu wa fokasi mm 700) kwa 24 mm inakuza mara 29, kipande cha anga unachopata hakifiki nyuzi 1.4. Kilimia inabanwa kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Plössl ya kawaida ya 32 mm, lenzi isiyo zumu, inakupa nyuzi 2.3. Ukilisema hilo, macho mabovu. Macho yangu!

Mguu3:
Mkuu kunywa maji kwanza, macho macho uzi mzima. Kakukosea, sawa, ila zumu si takataka. Unaitafuta Mshtarii kwa 24, unaiweka katikati, unapanda taratibu huku ukirudisha fokasi, unasimama pale picha inapotulia, hata ikiwa 11 au 13. Mwenye lenzi mbili tu hiyo 13 ataitoa wapi?

BintiPwani:
Mleta uzi yuko sahihi. Kabla ya kulipa chungulia mnara wa simu ulio mbali, mchana, si ukuta wa duka. Zungusha pete mwanzo hadi mwisho: isigome, isilegee. Grisi ikikauka, lenzi nzima inazunguka kwenye kishikio na pete imekaa palepale. Pima na shingo inayoingia kwenye darubini, kipenyo kiwe inchi 1.25. Zipo za 0.965 za darubini za zamani, hizo zitachezacheza tu humo ndani.

Pete_za_Zuhali:
Asante dada. Lakini kasema MACHO. Mbele ya watu wote.

Mchungulia_Mwezi:
Nyie mnalilia macho, mimi hasira zangu ni kwa wanaoandika "525x" kwenye boksi la darubini ya 70 mm. 700 gawa kwa lenzi ya mm 4, zidisha kwa Barlow ya 3x (lenzi ya nyongeza inayozidisha ukuzaji mara tatu), basi. Kioo cha mm 70 ukomo wake ni kama mara 140, na hewa ikichafuka hata 100 ni taabu. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Hiyo zumu yenyewe ukiiunga na Barlow ya 2x, 8 inakuwa 4, mara 175, umeshapitiliza.

Mguu3:
525 kwa miguu ipi? Ile ya bati jembamba? Ukigusa pete ya zumu, Zuhali inaruka kama chura. Waliotengeneza miguu ile hawajawahi kukaa usiku mmoja nje. Usiivute hadi mwisho, kaza skrubu zote, ning'iniza mfuko wa mchanga kilo 3 au 4 katikati, chini ya trei. Ukishazungusha pete, toa mkono, ngoja itulie.

BintiPwani:
Miguu inarekebishika. Kuvu je? Tunaokaa Tanga na Mombasa tunauziwa vifuko vya ngozi vinavyotunza unyevu kama mtungi. Usiku wa umande ukiisha, iache lenzi wazi ndani ya nyumba hadi ikauke, ndipo uifunike. Kisha boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Zumu ina vioo vingi, kuvu ikiota katikati hakuna kitambaa kitakachofika.

Mchungulia_Mwezi:
Silika jeli ikibadilika rangi unatupa?

BintiPwani:
Hapana, unaipasha. Sufuria kavu, moto mdogo, unageuzageuza hadi rangi irudi. Ila ile ya bluu ina kobalti, ni sumu, usitumie sufuria ya chakula.