Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya saa nne: yatupwe au yapimwe?

Mleta mada
Kifungu cha 50 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20 (namba zangu ni za Toleo la 2022), kinampa mpelelezi saa nne za kumhoji mtuhumiwa na kuandika maelezo ya onyo, yaani anayoyasema baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Saa nne za kuhesabu, si saa nne asubuhi. Cha 51 kinaruhusu nyongeza isiyozidi saa nane, na mtuhumiwa aambiwe. Zaidi ya hapo aombwe hakimu. Katika Janta Joseph Komba, rufaa ya jinai namba 95 ya 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kushikiliwa na polisi kupita muda wa kisheria ni mateso, ya akili au ya namna nyingine. Basi yatupwe, tusipimane.

Jalada
Umesoma upande mmoja. Nyerere Nyague, namba 67 ya 2010, mahakama hiyo hiyo: si kila ukiukwaji unaoondoa ushahidi wenyewe kwa wenyewe. Kifungu cha 169 kinataka hakimu aangalie uzito wa kosa, ukubwa wa ukiukwaji, na kama ushahidi ungepatikana kihalali. Halafu kuna makato, yaani muda wa safari usiohesabiwa ndani ya saa nne. Aliyekamatwa kisiwani Mafia akavushwa kwa boti, saa zake zimwishie baharini?

Kizimba
Makato yana sharti, Jalada: njiani asihojiwe wala asifanyishwe lolote la upelelezi. Mkimpitisha kwake aonyeshe mali, saa inatembea. Na inaanza anapozuiliwa, si anapofika kaunta. Kingine, 169 hiyo hiyo inamtwika mzigo anayetaka ushahidi upokelewe, yaani Jamhuri, upande wa mashtaka.

Ila tuseme kweli, pingamizi nyingi zinafia mikononi mwa utetezi. Mwulize kwanza askari aliyekamata: saa ngapi? Atajibu bila wasiwasi, maana hajui unakoelekea. Tuseme saa mbili asubuhi. Aliyeandika maelezo akisimama, tazama muda wa kuanza juu ya karatasi: saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa saba zimepita. Ziko wapi ruhusa ya nyongeza na daftari la mahabusu? Pingamizi litolewe pale shahidi anapoomba karatasi ipokelewe. Ukinyamaza hapo, kwenye rufaa utaambiwa umelifikiria baadaye.

Taja na sababu. “Napinga” peke yake haitoshi. Kama mteja anadai alipigwa, au anayakana maelezo kabisa, Mahakama Kuu inaendesha kesi ndani ya kesi, kuamua hilo tu kabla ya kuyapokea. Mahakama za chini hufanya uchunguzi mdogo. Muda ni hoja ya sheria, uitenganishe na kipigo.

Mleta mada
Na yakisomwa kabla ya kupokelewa?

Kizimba
Kesi ya Robinson Mwanjisi, 2003: yakubaliwe kwanza, ndipo yasomwe. Shahidi akianza kusoma, simama papo hapo.

Jalada
Yakitupwa bado hamjashinda. Mtu akikutwa na mali ya wizi wa juzi, hati ya ukamataji mali inasimama yenyewe.

Kizimba
Inasimama ikiwa na sahihi ya mwenye nyumba na shahidi huru, na kama kielelezo kina mtiririko wa maandishi toka kukamatwa hadi kortini. Kesi ya Paulo Maduka, namba 110 ya 2007, ndiyo kipimo. Kwa pikipiki yenye namba ya chesisi mahakama hulegeza kipimo hicho. Kwa kete za dawa za kulevya, pengo la siku moja kwenye rejista ya vielelezo ni kubwa.