Mtoto wa miezi 15, vifaa vya kusikia, na fomu ya Kifaransa: niijaze vipi?

MamaAmani
Jambo yenu wote. Niko Bukavu, huku Kadutu. Kijana wangu ana miezi 15. Alipofika miezi 10 walimpima kwa nyaya kichwani akiwa amelala, wakasema masikio yote mawili hayasikii vizuri. Vifaa alivaa mwezi uliofuata. Sasa kituo tunachokwenda kimenipa karatasi ya maswali, Kifaransa kitupu: je, mtoto anasema neno hili, anasema lile? Humo kuna treni, kuna mtu wa theluji. Mtu wa theluji, Bukavu! Nikaweka "non" toka juu mpaka chini. Aliyeipokea akasema "yuko nyuma sana", akaita mwingine.

Lakini jana, mara tu nilipoanza kutwanga sombe, Amani akaja (nikafurahi, kumbe anasikia kinu!), akanivuta kitenge, akanyoosha kidole kwenye ndoo ya maji, akanitazama usoni, akarudisha macho kwenye ndoo. Nilipompa kikombe akapiga makofi mawili, vile mama mkwe alivyomfundisha kushukuru. Hilo haliandikwi popote? Tena nyumbani ni Kiswahili, mama mkwe anamsemesha Mashi, na baba yake akikasirika ni Kifaransa. Nihesabu lugha gani?

PapaKevo_Lshi
Mama Amani, usijisumbue. Vijana wanachelewa kusema. Wa kwangu hapa Lubumbashi alinyamaza mpaka miaka 3, leo hanyamazi.

YayaNeema
Papa Kevo, kwa heshima: wa kwako alikuwa anasikia. Huyu ameshapimwa. Kumwambia asubiri ni kumpotezea miezi.

OrtofonistiGoma
Mama Amani, aksanti kwa kueleza vizuri hivyo. Mimi ni ortofonisti, kazi yangu ni kusaidia watoto wenye shida ya kusema, acha niseme kwa urefu kidogo.

Amani ana umri wa namna mbili. Miezi 15 ya kuzaliwa, miezi 4 ya kusikia. Waulize kama walihesabu na huo wa pili. Kuna orodha iitwayo LittlEARS, maswali 35 ya ndiyo au hapana, inaangalia jinsi kusikia kunavyokua hatua kwa hatua tangu mtoto alipoanza kuvaa vifaa.

Pili, fomu za umri wake, kama ile ya MacArthur-Bates ya miezi 8 hadi 18, zinatenganisha neno analolielewa na neno analolisema, tena zina sehemu nzima ya ishara. Uliza kama umepewa kurasa zote. Ile ya Kiswahili ipo pia, ilitengenezwa kule Kilifi, Kenya. Kiswahili cha pwani si chetu, lakini angalau hakuna theluji.

Lugha: hesabu zote. Akielewa neno kwa Mashi tu, analielewa, basi.

Kile kidole cha Amani kwenye ndoo ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ulivyoandika. Kidole, kisha macho kwako, kisha macho kwenye ndoo: hapo anazungumza na wewe. Ila kinu usikiweke kwenye kusikia. Kinu kinatikisa sakafu, mtoto anakipata kwa nyayo. Hata makofi nyuma ya kichwa yanadanganya, kwa sababu ya upepo.

Jaribu hivi: akiwa amevaa vifaa na anacheza, simama nyuma yake, usimguse, kivuli chako kisimfikie. Tamka moja moja kwa sauti ya kawaida: m, u, i, a, sh, s. Andika alizogeukia. Na sauti zake mwenyewe, je? Anasema "bababa", "dadada"? Watoto wanaosikia wanafika hapo kabla ya miezi 10 au 11, wenye shida ya kusikia wanachelewa. Zile "aaa, uuu" za miezi ya mwanzo hata kiziwi anazo, ndiyo maana familia nyingi zinachelewa kugundua.

MamaFuraha_Ibanda
Binti yangu ni kiziwi kabisa, tunatumia alama za mikono. Fomu yake ya kwanza ilisema maneno sifuri. Nyumbani nikahesabu alama 23, kuna moja ya kuku aliyoitunga yeye mwenyewe. Peleka video, mama. Mbele ya mtu mwenye koti jeupe watoto wanaganda kama mawe.

MamaAmani
Nimerudi. Siku tatu nimeandika kwenye daftari la masomo la dada yake. Anaelewa maneno 9: matano ya Kiswahili, matatu ya Mashi, na "non" ya baba yake. Ishara 6. "Bababa" imeanza wiki hii, asubuhi tu. Kwa zile sauti aligeukia a, u, i na m. "Sh" na "s", hapana, mara zote. Na kifaa cha kushoto kinapiga filimbi nikimbeba.

OrtofonistiGoma
Filimbi hiyo mara nyingi ni kipande cha sikioni kimekuwa kidogo, sikio limekua. Sauti inavuja. Waombe wachukue kipimo kipya cha hicho kipande, na uwaambie "sh" na "s" hazimfikii, wao ndio wanaorekebisha mashine. Daftari uende nalo.

PapaKevo_Lshi
Mama, nilisema haraka. Hiyo alama ya kuku ikoje?

MamaFuraha_Ibanda
Vidole viwili vinachokora kwenye kiganja, papa, halafu anarusha mchanga nyuma.